Filamu za Dunia Zishuke Stesheni ya Mpanda

   

Leo nina habari ya filamu za nchi nyingine, zile zinazooneshwa kwenye matamasha ya filamu. Najua wengi wetu tukisikia tamasha la kimataifa la filamu tunawaza Zanzibar, Ngome Kongwe usiku, taa, wageni wa heshima na wapiga picha. Tunajisemea, hayo yana wenyewe. Mimi naamini ni yetu pia. Naamini filamu ya Senegali, ya Malawi au ya Burundi ina kazi kubwa ya kufanya hapa Mpanda, mkoani Katavi, pengine kushinda hata kwenye majumba ya sinema ya miji mikubwa. Ila kuna masharti matatu. Ichaguliwe na mtu anayeyajua maisha ya hapa. Izungumze Kiswahili. Na ikiisha, watu wabaki wakae waijadili. Hayo matatu ndiyo nitakayoyatetea jioni hii.

Kwanza tukubaliane kwamba filamu za ng'ambo tunaishi nazo siku zote. Pita saa mbili usiku mtaa wowote wenye banda la video. Nje kuna ubao wa chaki: mechi saa hizi, muvi saa zile, kiingilio kiasi fulani. Ndani kuna mabenchi ya mbao yaliyobanana hata magoti ya wa nyuma yanagusa mgongo wa wa mbele. Ndiyo maana watu wakayaita mabanda umiza. Mbele kuna runinga, deki au flashi, na spika mbili. Sura zilizo kwenye kioo ni za Wachina, Wakorea au Wamarekani, lakini sauti inayotawala banda zima ni ya Mtanzania. Anakutambulisha kwa wahusika, anawapa majina utakayoyakumbuka, anasema maneno ya baba kisha anabadilisha sauti anasema ya mama. Adui akijificha nyuma ya mlango, yeye anakuonya mapema. Mhusika akifanya ujinga, yeye anamkaripia kwa niaba ya banda zima.

Kazi hiyo ina wakongwe wake. Lufufu, ambaye jina lake kamili ni Derek Gaspar Mukandala, ni miongoni mwa waliomzoesha Mtanzania kuisikiliza filamu ya kigeni kwa Kiswahili. Wenzetu Kenya wana DJ Afro. Uganda wana VJ Jingo, anayezitia filamu Kiganda. Hawa ni wasanii, tena wa hali ya juu, na mkoa huu una vijana wenye kipaji hicho hicho.

Na nguvu ya Kiswahili kwenye filamu ya kigeni tumeiona kwa macho yetu. Mwaka 2011 TBC ilituonesha tamthilia ya Kichina, Doudou na Mama Wakwe Zake, waigizaji wakizungumza Kiswahili tangu mwanzo hadi mwisho. Ni hadithi ya mke kijana wa mjini Beijing na mama wakwe wawili, na hapa nchini watu waliijadili kama habari za jirani. Rais Xi Jinping wa China alipokuja Dar es Salaam Machi 2013 aliitaja kwenye hotuba yake. Baadaye Azam wakatuletea tamthilia za Kituruki zenye sauti za Kiswahili, na hadi leo kuna nyumba ambazo chakula cha usiku kinasubiri zimalizike. Mtu wa Mpanda hajawahi kuikataa hadithi kwa sababu inatoka mbali. Anachokataa ni kusomeshwa maandishi ya chini ya lugha asiyoijua, yanayopita kabla hajamaliza mstari wa kwanza.

Sasa, ikiwa filamu za kigeni tunazo, tunakosa nini? Tunakosa uchaguzi. Kinachofika bandani ni kile kilichopatikana kwenye flashi ya mtu, na mara nyingi ni bunduki na mateke. Sina ugomvi na mateke. Ila kuna filamu zilizotengenezwa na Waafrika wenzetu, kuhusu matatizo yale yale tunayolala nayo na kuamka nayo, zimepewa tuzo Ouagadougou, Carthage na Zanzibar, na hapa hazijulikani hata kwa jina. Nitakutajia chache, nawe pima mwenyewe.

Ipo filamu fupi, ya dakika ishirini hivi, inaitwa Borom Sarret. Aliitengeneza Ousmane Sembène wa Senegali mwaka 1963. Sembène alikuwa mwandishi wa riwaya. Alipoona kwamba watu wake wengi hawasomi vitabu, akaenda Moscow kujifunza kutengeneza filamu ili awafikie. Borom Sarret ni siku moja ya mwenye mkokoteni wa farasi jijini Dakar. Asubuhi anaswali, anaagana na mkewe, anatoka kutafuta riziki. Abiria wa kwanza wanapanda bila kulipa.  Anakutana na mpiga sifa anayemwimbia ukoo wake na mashujaa wake, na yeye kwa kusikia sifa za babu zake anatoa pesa yote aliyoipata. Anambeba baba mwenye maiti ya mtoto mchanga hadi makaburini. Kisha anakuja bwana mmoja aliyevaa vizuri, anataka kupelekwa sehemu ya mji wanakokaa wakubwa. Mikokoteni hairuhusiwi huko. Bwana anamwambia usiogope, mimi nawajua wahusika. Wanapofika, polisi anamsimamisha. Yule bwana anateremka, anatokomea. Mkokoteni unachukuliwa, mtu anarudi nyumbani na farasi wake tu. Mkewe anamkabidhi mtoto, anamwambia leo tutakula, kisha anatoka. Filamu inaishia hapo, na mtazamaji anabaki na swali: mama huyu anakwenda wapi?

Niambie, kijana wa bodaboda wa pale stendi atahitaji aelezwe nini kuhusu filamu hiyo? Atahitaji sauti ya Kiswahili tu. Yaliyobaki anayajua.

Huyo huyo Sembène mwaka 1968 akatoa Mandabi, kwa lugha ya Kiwolofu, ili watu wake waisikie bila mkalimani. Mzee Ibrahima Dieng ametumiwa hawala ya posta na mpwa wake aliyeko Paris. Pesa ipo, lakini hana kitambulisho. Kitambulisho kinataka cheti cha kuzaliwa. Cheti kinataka mwaka na tarehe ambazo mzee hazijui vizuri. Anazungushwa ofisi kwa ofisi, huku majirani wanakopa kwa kuitegemea pesa ambayo bado haijashikwa. Hapa mkoani wako wazee waliozungushwa hivyo hivyo kwa ajili ya namba ya NIDA. Wakiiona hiyo filamu watacheka, kisha watakaa kimya, kisha wataanza kusema yao.

Lakini kama ningepewa nafasi ya filamu moja tu kwa mkoa huu, ningechagua The Boy Who Harnessed the Wind, ya mwaka 2019. Aliiongoza Chiwetel Ejiofor, Mwingereza mwenye wazazi Wanigeria, na yeye mwenyewe akacheza kama baba. Mtoto amechezwa na Maxwell Simba, kijana wa Kenya. Hadithi ni ya kweli, ya William Kamkwamba wa Kasungu, nchini Malawi. Kasungu ni nchi ya mahindi na tumbaku. Umenisikia vizuri, mkulima wa Mishamo, Inyonga na Ilunde: mahindi na tumbaku. Kwenye filamu kampuni ya tumbaku inataka miti ya kijiji. Kuna wanaosema tukiuza tutapata pesa leo, na kuna wanaosema miti hiyo ndiyo inayoyazuia mafuriko. Miti inauzwa. Mvua inakuja kwa nguvu, inazoa shamba. Kisha jua, kisha njaa. Mtoto anafukuzwa shule kwa sababu ya ada, anaingia maktaba kwa kujiiba, anakuta kitabu cha masuala ya nishati, anaona picha ya mtambo wa upepo.

Kuna tukio moja ambalo ningependa kila baba wa Katavi alione. Mtoto anahitaji baiskeli ya baba yake aikate, atengenezee mtambo wa kuvuta maji. Baiskeli hiyo ndiyo mali pekee iliyobaki. Baba, mwenye njaa na aibu ya kushindwa kulisha nyumba, anaona mtoto anamdharau. Anakasirika, anamrudisha shambani akalime ardhi kavu. Mama ndiye anayesimama kati yao, mpaka baba analainika na baiskeli inakatwa. Kamkwamba wa kweli alikuwa na miaka 14 alipoanza kutengeneza mtambo wake, akitumia fremu ya baiskeli, feni ya trekta na mabomba ya plastiki. Na dunia ilimfahamu akiwa hapa hapa Tanzania, jijini Arusha, alipopanda jukwaani mwaka 2007 kwenye mkutano wa TED.

Sasa hebu fikiria filamu hiyo ioneshwe Mishamo, mbele ya watu wanaolisha mabani ya kukaushia tumbaku kwa kuni za miombo. Au ioneshwe Mwamkulu na Kakese, kwa wakulima wa mpunga wanaoutegemea Mto Katuma, mto ule ule ambao ukipungua kiangazi viboko wa Hifadhi ya Katavi wanajazana kwenye dimbwi la matope. Semina za mazingira zimefanyika nyingi. Zina umuhimu wake. Lakini mtu aliyeambiwa asikate mti hubaki na agizo, na mtu aliyeona shamba la mwenzake likizolewa na maji ana jambo la kufikiri usiku.

Hapo ndipo linapokuja sharti langu la tatu, la kujadili. Historia ya nchi hii inatuonesha filamu zinavyokuwa watu wasipopewa nafasi ya kujibu. Kati ya 1935 na 1937, pale Vugiri kwenye milima ya Usambara, palikuwa na mradi wa kuwatengenezea Waafrika filamu za elimu. Zilitengenezwa filamu 35: kuhusu kulipa kodi, kuweka akiba posta, ugonjwa wa safura. Sauti iliwekwa kwenye sahani za santuri kwa lugha mbalimbali, Kiswahili kikiwemo. Lori likazungushwa vijijini. Lugha ilikuwepo, skrini ilikuwepo, umati ulikuwepo. Lakini aliyechagua la kusema alikuwa mwingine, na aliyekaa chini kazi yake ilikuwa kuangalia na kutii.

Baadaye mambo yakaanza kugeuka. Mwaka 1952 Rashidi Mfaume Kawawa aliigiza kama mhusika mkuu kwenye filamu ya Kiswahili ya Muhogo Mchungu. Miaka kumi baadaye, Januari 1962, kijana huyo wa kwenye skrini akawa Waziri Mkuu wa Tanganyika. Baada ya uhuru ikaja Kampuni ya Filamu Tanzania mwaka 1968, na filamu zetu wenyewe kama Fimbo ya Mnyonge na Arusi ya Mariamu. Siku hizi Vuta N'kuvute ya Amil Shivji, iliyotokana na riwaya ya Adam Shafi, imeoneshwa Toronto mwaka 2021. Hadithi zetu zinakwenda kwa watu. Ni haki na za watu zije kwetu.

Lakini tukumbuke pia Darwin's Nightmare ya Hubert Sauper, ya mwaka 2004, kuhusu sangara wa Ziwa Victoria na maisha ya Mwanza. Filamu ile ilizunguka dunia, ikateuliwa kushindania Oscar, na hapa nyumbani serikali ikaipinga. Mimi nilitamani skrini ingewekwa pale pale mwaloni, wavuvi na akina mama wa mapanki, yale mabaki ya sangara, wakae waione, kisha waseme lipi ni kweli na lipi wamesingiziwa. Anayezungumziwa ana haki ya kusema. Nasi tuna hifadhi ambayo wageni wanakuja kuipiga picha. Siku filamu ya viboko wa Katavi itakapooneshwa Ulaya, ioneshwe na Sitalike, kando ya hifadhi, na mtu wa Sitalike apewe kipaza sauti.

Utaniuliza, haya yanawezekana? Wenzetu wameyafanya. Tamasha la filamu la Zanzibar, ZIFF, lililoanzishwa 1997 na kufanyika mara ya kwanza 1998, halikujifungia Ngome Kongwe. Lilizipeleka filamu kwenye vijiji vya Unguja na Pemba. Rwanda, Eric Kabera alianzisha mwaka 2005 tamasha ambalo watu walilipa jina la Hillywood, kwa sababu lilibeba skrini ya kujazwa upepo hadi vilimani, likionesha filamu kwa lugha ya watu wa huko. Goma, upande wa pili wa milima, walianzisha tamasha lao la Salaam Kivu mwaka 2006, na hata vita havikuwaondolea hamu hiyo. Kampala, tamasha la Amakula lililoanza 2004 liliwapandisha wasimuliaji wa mabanda jukwaani wazisimulie filamu mbele ya umati, kwa heshima inayostahili kazi yao. Kambini Kakuma, shirika la FilmAid limewaonesha wakimbizi filamu usiku kwa skrini inayobebwa na gari. Wala hapa nchini kutoka nje ya Dar es Salaam si jambo jipya: tuzo za filamu za taifa mwaka 2021 zilitolewa Mbeya, na mwaka uliofuata Arusha.

Kwetu sisi majira yenyewe yanatusaidia. Mvua zikishakatika, kuanzia Juni, usiku wa Katavi ni mkavu na anga jeupe. Mahindi yako ndani, tumbaku iko sokoni, mtu ana nafasi na senti kidogo. Vifaa ni projekta moja, shuka kubwa jeupe lililovutwa kwa kamba, spika, na jenereta ndogo, kitu ambacho Mpanda tunakijua vizuri kwa miaka mingi tuliyoendeshwa kwa umeme wa mafuta. Uwanja upo kila kijiji chenye shule. Barabara ya lami ya Tabora ipo, na reli ipo. Reli hii ya kutoka Kaliua ililetwa mwishoni mwa miaka ya 1940 ili ichukue madini ya risasi. Basi na itushushie filamu pale stesheni, kutoka Zanzibar, kutoka Nairobi, kutoka popote.

Mambo ya sheria tuyafuate. Kila filamu ina mwenyewe. Aandikiwe, aombwe ruhusa, alipwe kinachowezekana. Bodi ya Filamu ipo kwa sheria ya mwaka 1976, na ndiyo inayopanga filamu ipi inafaa umri upi. Tukifuata njia hiyo, mzazi atamleta mtoto bila wasiwasi. Na tufungue milango kwa akina mama. Mabanda mengi yamekuwa ya wanaume. Mama akiingia anatazamwa yeye badala ya filamu. Uwanja wa shule, saa moja jioni, familia ikiwa na mkeka wake, ni mahali pa kila mtu.

Na uchaguzi wa filamu uangalie mahali. Kule Katumba na Mishamo, wanakoishi watu waliokimbia Burundi mwaka 1972, pamoja na watoto na wajukuu wao, ambao wengi leo ni raia wenzetu, ningepeleka Gito l'ingrat ya Léonce Ngabo, ya mwaka 1992, filamu ndefu ya kwanza ya Burundi. Gito amesoma Paris, anarudi nyumbani akiamini uwaziri unamsubiri, na wanawake wawili aliowadanganya wanaungana kumfunza adabu. Wazee watasikia Kirundi, vijana watapata Kiswahili cha msimuliaji, na kicheko kitakuwa kimoja. Kule Karema, wanakopita watu wa Kalemie na mizigo yao, zipelekwe filamu za Kongo. Kwa watoto wa shule, Supa Modo ya Likarion Wainaina wa Kenya, ya mwaka 2018: binti mgonjwa sana anayetamani kuwa shujaa wa kwenye filamu, na kijiji kizima kinachoungana kumtengenezea filamu yake. Na ndani ya filamu hiyo yumo kijana wa video, msimuliaji, akifanya kazi ile ile inayofanywa kwenye mabanda yetu.

Kwa hiyo nina maombi matatu. Wenye mabanda na ninyi wasimuliaji, jitokezeni. Tamasha la hapa bila sauti zenu litakuwa la watu wachache waliosoma sana. Maafisa utamaduni wa halmashauri zetu, Mpanda, Nsimbo, Tanganyika, Mlele na Mpimbwe, andikeni barua kwa wenye filamu na kwa ZIFF. Karatasi moja inatosha kuanza. Walimu na viongozi wa vyama vya msingi vya tumbaku, toeni uwanja na toeni jioni moja.

Tusingoje hadi tuwe na ukumbi wa viti vya sufi. Tuanze na filamu moja, kijiji kimoja, jioni moja baada ya mavuno. Na filamu ikiisha, mwenye kipaza sauti asimpe kwanza mgeni rasmi. Ampelekee mama aliyekaa nyuma kabisa, amuulize: wewe ungeuza ile miti? Tamasha litaanzia hapo.